Kikombe cha Mkojo Kabla ya Dawa

ATHMAN: Assalamu alaikum wasikilizaji. Tuko Lamu mjini. Mkisikia punda nyuma ya sauti zetu, yuko mlangoni anapakuliwa mchanga. Mimi Athman, niko na dada yangu Bi Rukia, ambaye kazi yake ni kutibu watu. Leo ni habari ya mkojo na figo. Mamangu amenipa ruhusa nimtaje.

RUKIA: Waalaikumu salaam. Mama hajambo sasa?

ATHMAN: Hajambo, alhamdulillahi. Ilimwanza homa akiwa Siyu, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Shangazi akamfunika mablanketi mawili. Duka la dawa likampa dozi ya malaria, hakuna aliyemchoma hata kidole. Akaimaliza, homa iko palepale, akapewa nyingine. Siku ya tano anatapika hata maji matupu, na mkono kaushika nyuma hapa, chini ya ubavu wa mwisho, hataki kuguswa. Tukampakia botini. Maji yalikuwa yametoka, ikabidi tungoje yajae ndipo tupite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari. Zile saa sitazisahau.

RUKIA: Pole sana, mdogo wangu. Pale alipoushika mkono ndipo ilipo figo. Homa, baridi ya kutetemeka, kutapika, maumivu ya upande mmoja nyuma: hiyo ni figo mpaka uthibitishe vingine. Kabla ya homa, mkojo ulikuwaje?

ATHMAN: Nilimuuliza baadaye. Ulimchoma wiki nzima. Anakwenda msalani kila mara, yanatoka matone tu. Hakusema, aliona haya.

RUKIA: Hapo ndipo roho huniuma. Mwanamke akisema mkojo unachoma, wa kwanza atadhani zinaa, wa pili atalaumu choo cha watu. Bakteria wenyewe, mara nyingi E. coli, wametoka kwenye utumbo wake mwenyewe. Mrija wa mkojo wa mwanamke una kama sentimita 4 tu, wa mwanamume hufika kama 20. Safari yao kwa mwanamke ni fupi: wakifika kwenye kibofu unachoma, wakipanda hadi kwenye figo homa inaingia. Magonjwa ya zinaa nayo huchoma, kwa hiyo tunapima. Lakini nimeona mume amenuna mwezi mzima kwa jambo ambalo kikombe kimoja cha mkojo kingelieleza.

ATHMAN: Hicho kikombe, tueleze. Wengi huona aibu kuuliza.

RUKIA: Kiwe safi na kikavu, mpewe na maabara. Jisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma. Mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati. Ule wa mwanzo unabeba bakteria wa ngozi na utanidanganya. Mimi nachovya kijiti chenye vibanda vya rangi, nakifuta ukingoni mwa kikombe, natazama saa. Baada ya dakika moja, kibanda cha naitraiti, kemikali inayotokana na bakteria, kikigeuka waridi, kuna bakteria. Baada ya mbili, cha seli nyeupe kikienda zambarau, mwili unapigana. Ila bakteria wanahitaji kama saa 4 ndani ya kibofu ndipo naitraiti ionekane. Mtu anayekwenda haja kila nusu saa, kibanda hicho kinaweza kubaki cheupe naye ni mgonjwa. Kwa hiyo nasikiliza maneno yake, kijiti kinafuata.

ATHMAN: Mama walimpima mkojo kwa kuuotesha pia.

RUKIA: Na ndivyo inavyotakiwa kwa figo. Siku 1 au 2 bakteria wanaota, kisha wanajaribiwa dawa moja moja, tunajua ipi inawaua. Lakini mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza! Ukimeza vidonge viwili ulivyobakiza mwaka jana, unaweza usiote kitu, na bakteria wako bado ndani. Tena usikae juani, ufike maabara ndani ya saa 2 au uwekwe kwenye friji. Mgonjwa mwenye homa kali hatumngojeshi majibu: kikombe kikishajaa, dawa inaanza saa hiyohiyo.

ATHMAN: Shangazi alikuwa na vidonge vya nitrofurantoini nyumbani.

RUKIA: Dawa nzuri kwa kibofu, siku 5 mara nyingi hutosha. Lakini inajikusanya kwenye mkojo, haiingii vya kutosha kwenye nyama ya figo. Angempa Mama, uchomaji ungepungua na figo ingeendelea kuungua. Figo inataka dawa nyingine, siku 7 hadi 14 kulingana na aina yake, na anayetapika huanza na sindano, kama seftriaksoni. Homa isiposhuka ndani ya siku 2 au 3, tunamfanyia altrasaundi: pengine kuna jiwe limeziba, au usaha.

ATHMAN: Na malaria? Pwani hii ipo.

RUKIA: Ipo, na inaua. Sisemi muiache. Chomwa kidole, majibu ni dakika 15 hadi 20. Yakisema hakuna, usimeze dawa ya malaria kwa mazoea. Omba kikombe.

ATHMAN: Kuna jambo Mama aliniambia nikanyamaza. Siku ya kusafiri kwa boti hanywi maji tangu alfajiri, kwa sababu mle hakuna pa kujisitiri.

RUKIA: Wanawake wote wa visiwani wanalijua hilo, na hatulizungumzi. Kibofu kisichosafishwa na maji kinawapa bakteria muda wa kuzaana. Kuna utafiti uliofanywa Bulgaria, ukachapishwa mwaka 2018: wanawake 140 wenye maambukizi ya mara kwa mara, wote wanywaji wa maji machache. Nusu yao wakaongezewa lita moja na nusu kila siku kwa mwaka mzima. Maambukizi yao yalikuwa karibu nusu ya wenzao. Nenda haja kabla ya kupanda, kunywa ukishashuka, fidia siku nzima. Na manahodha, mkiombwa kusimama pwani, simameni.

ATHMAN: Msikilizaji wa Garsen anauliza: mtoto wake anakojoa damu mwishoni mwa mkojo, hana homa.

RUKIA: Anaoga kwenye maji ya bwawa au ya mto? Hicho huenda ni kichocho, antibiotiki hazikigusi, dawa yake ni prazikwanteli. Ampeleke apimwe mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai huonekana vizuri zaidi wakati huo.

ATHMAN: Na mjamzito?

RUKIA: Huyo mkojo wake upimwe kliniki hata kama hauchomi. Bakteria wakionekana anatibiwa, Shirika la Afya Duniani linasema siku 7, maana figo yake huambukizwa upesi na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati. Na asijinunulie dawa dukani, baadhi hazimfai.

ATHMAN: Adhana ya alasiri hiyo. Tukutane Alhamisi, inshallah.