Jumamosi Tembeeni Wawili

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Karibuni Mombasa, hasa nyinyi mlioshuka treni Miritini juzi na mabegi yenu, kutoka Kisumu, Eldoret, Garissa, Busia na kwingineko.

Nimeombwa niseme nanyi kuhusu matumizi mazuri ya muda wa mafunzo haya ya uwakala wa forodha. Ratiba mnayo mikononi na mnaona ilivyobana: asubuhi thamani ya bidhaa, adhuhuri uainishaji, yaani kujua kila bidhaa iko sura gani ya kitabu cha ushuru, jioni kujaza matamko ya forodha kwenye kompyuta, na kila Ijumaa mtihani. Juu ya siku hizo tano sina la kuongeza. Mimi nataka kusema juu ya Jumamosi. Nimefundisha kazi hii ya uwakala wa forodha mjini hapa miaka mingi, na sijaona siku inayopotezwa kama hiyo.

Kuna anayejifungia chumbani na kitabu cha ushuru tangu alfajiri. Kitabu kile kina sura 97, na ya 77 imeachwa tupu kwa matumizi ya baadaye. Yeye anataka azimalize zote kabla ya Jumatatu. Jumatatu anakuja darasani macho mekundu, ukimuuliza karafuu ziko sura gani anababaika. Na kuna lile kundi la watu kumi na kitu linalokodi matatu, muziki juu, hadi ufuoni, likarudi usiku. Hao angalau wamecheka. Lakini nimewauliza wengi wao baadaye, "Yule mwenzenu wa Wajir, kwao wanafanya biashara gani?" Hawajui. Siku nzima wamekaa naye kiti kimoja.

Ombi langu ni hili: tokeni wawili wawili, kwa miguu, na awe mtu usiyemjua bado. Anayetoka mji wako utakuwa naye maisha yako yote. Jumamosi hii mwache.

Anzeni Fort Jesus, mapema, kabla jua halijakaza. Wareno waliijenga ngome ile kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na mawe yake ni ya matumbawe ya pwani hii hii. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Hayo mtayasoma kwenye vibao. Mimi nawaomba mkasimame kwenye kipande cha ukuta kilichohifadhiwa mle ndani, chenye michoro ya Wareno ya makaa na udongo mwekundu. Wamechora merikebu. Nyingi. Milingoti, tanga, kamba. Hawa walikuwa watu waliowekwa mahali pagumu, mbali na kwao, na zamu zao zilikuwa ndefu kuliko zenu. Simameni hapo na mwenzako, msiseme kitu kwa muda, halafu muulize kwao ni wapi na aliondokaje. Nimeshuhudia watu wazima wakieleza mbele ya ukuta ule mambo ambayo hawakuyasema bwenini.

Kisha mkumbuke habari ya mazingiwa. Waomani waliizingira ngome ile Machi 1696, na haikuanguka mpaka Desemba 1698. Miezi 33. Njaa na maradhi viliua wengi kuliko risasi, na waliokuwa ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo pia Waswahili wa Faza, wanaume kwa wanawake, walioilinda pamoja nao. Merikebu moja iliyokuja na msaada, Santo António de Tanná, ilizama mwaka 1697 papo hapo chini ya ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vilivyotolewa majini mtaviona kwenye makumbusho. Nyinyi ni watu wa shehena, basi viangalieni kwa macho ya shehena. Mmoja ataje kitu, mwingine akisie kilikuwa kinapelekwa kwa nani. Hakuna darasa langu lililowahi kufundisha vizuri kama mchezo huo.

Mkitoka, ingieni barabara ya Ndia Kuu mteremke polepole. Mtapita milango ya nakshi na baraza za nyumba, na mkisalimia mtaitikiwa. Salimieni kwanza, ndipo mpige picha, na watu msiwapige bila kuwauliza. Msikiti wa Mandhry uko huko mbele, wa tangu 1570, na mnara wake hauna mfano mjini. Yule msafiri Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, miaka mingi kabla ya msikiti huo, akaandika kwamba misikiti ya hapa ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi, na kwamba penye milango yake palikuwa na visima, watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Usiku mmoja tu, na alichokiona ni hicho cha miguu na maji! Ndiyo maana nawaambia mwende kwa miguu. Ndani ya tuktuk hamtaona mlango wa mtu.

Hapo karibu ndipo Bandari ya Kale. Kaeni. Msiwe na haraka hata kidogo, maana hapo ndipo kazi yenu ilipozaliwa. Kabla ya kreni na makontena ya bandari mpya ya Kilindini, majahazi yalikuja hapa na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakaleta tende, mazulia, papa mkavu na makasha. Kusi ikivuma yakarudi na boriti za mikoko. Darasani boriti ni sura ya 44, tende ni 08, mazulia ni 57. Nambari hizo mnazikariri mpaka usingizini. Lakini mtu hakai na nambari kichwani kama hajawahi kuona kitu chenyewe kikibebwa begani. Nasema hivi kama mwalimu wa nambari, na naziheshimu.

Hapo pia ndipo utakapojua kwa nini nasema wawili. Nenda soko la Marikiti peke yako, penye viungo, utaona magunia. Nenda na mtu wa Garissa, atasimama ghafla kwa sababu pua yake imepata ubani, na atakueleza miti yake, nani huigema na majira gani. Wewe wa Busia utamsimamisha yeye penye dagaa, umweleze omena wa ziwani wanavyoanikwa, na kwa nini wa mvua wana bei tofauti. Hayo hayamo katika kitabu chochote nitakachowapa. Mwaka mmoja niliwakuta wanafunzi wangu wawili, mwanamke wa Eldoret na kijana wa Mandera, wameshika pakiti ya mabuyu wakibishana kwa sauti. Huyu anasema ni tunda lililohifadhiwa kwa sukari, liende sura ya 20. Yule anasema sukari na rangi vimezidi, hiyo ni peremende, sura ya 17. Wakarudi kwenye kanuni ya kwanza ya zile sita za uainishaji, wakasoma vichwa na maelezo ya sura kwenye simu, wamesimama katikati ya njia, na mama muuzaji anawaambia, "Kuleni kwanza, wanangu, mtabishana baadaye." Wote wawili walikuwa wamefeli uainishaji Ijumaa ile. Nilipita bila kuwasemesha. Nilifurahi sana, na ile furaha sijaisahau.

Kula, bila shaka, mtakula. Viazi karai asubuhi, au mahamri kwa mbaazi. Mchana viazi vya rojo. Jioni kahawa chungu na kashata kwa yule mzee wa dele. Mlipiane kwa zamu, na asiye na kitu wiki hiyo asiaibishwe.

Sasa niwaambie jambo lenyewe linalonifanya niwe mkali kuhusu hili. Kazi yenu haifanyiki mahali pamoja. Kontena linashuka Kilindini, linapakiwa kwenye lori, linafungwa kufuli la elektroniki, linakwenda mpakani, Malaba au Busia, kisha Kampala, Kigali au Juba. Karatasi zako zitasomwa na mtu mwingine, saa nane ya usiku, dereva amechoka, uzito ulioandikwa haulingani na mzani, na mwenye mali anapiga simu akilia kwamba kila siku ya kukaa ni gharama. Saa hiyo unahitaji mtu upande wa pili atakayepokea simu yako na kukwambia ukweli, hata kama ukweli ni kwamba kosa ni lako. Wakala wa Malaba anayekujua kwa jina la kampuni yako atakujibu kesho. Aliyekaa nawe Bandari ya Kale, akakusikiliza ukimwomboleza mama yako, atavaa viatu aende kuliangalia lori. Nimeiona hali hiyo mara nyingi mno kwa wale waliopita chumba hiki. Vyeti vyao vyote ni sawa. Tofauti ni nani wanaweza kumpigia.

Wenye nguvu bado alasiri wakavuke Likoni. Mwenda kwa miguu halipi feri. Au wakapunge upepo Mama Ngina, chini ya mibuyu, mihogo ya pilipili na ndimu mkononi, meli zikiingia mlango wa bandari mbele yao. Wenye kupenda miti wangoje wiki nyingine waende Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu, mpaka Rene Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971, na majongoo wakasaidia kuyageuza majani yake kuwa udongo. Pahitaji nusu siku nzima, msipachanganye na ngome.

Na vitabu? Jumapili baada ya adhuhuri, kwa muda wa saa tatu au nne, inatosha. Someni na yule yule mliyetembea naye.

Karatasi ya majina iko mezani kwa katibu, karibu na mlango. Andikeni wawili wawili kabla ya Ijumaa saa sita. Nitaisoma mwenyewe, na nikiona majina mawili ya mji mmoja nitayatenganisha. Sasa nipeni maswali. Naona dada wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja mabuyu.