Udongo Uliokuja na Upepo

Ndugu zangu, poleni na foleni ya jioni. Hapa Dar es Salaam vumbi likiingia sebuleni tunalifuta, basi. Kaskazini mwa China vumbi limerundikana kwa zaidi ya miaka milioni mbili, hadi mahali pengi unene wake unapita mita 100. Watu wanalima juu yake, wengine wamechimba nyumba ndani yake.

Udongo huo unaitwa loesi. Punje zake nyingi zina upana wa kati ya milimita 0.02 na 0.06, na hapo ndipo penye siri. Mchanga ni mzito, upepo huurusharusha karibu na ardhi tu. Udongo wa mfinyanzi hugandamana, hauinuki kirahisi. Punje za kati hupaa, husafiri mbali, kisha hushuka upepo unapolegea au unapokutana na nyasi.

Ulaya na Marekani, kazi ya kusaga miamba hadi ikawa punje hizo ilifanywa na barafu kubwa za zamani. Maji ya barafu hizo yaliacha tope mabondeni, tope likakauka, upepo ukalibeba. Ndiyo maana huko Iowa vilima vya loesi vimesimama kando ya mto Missouri, na ukielekea mashariki tabaka linazidi kuwa jembamba.

Lakini rundo la vumbi bado si shamba. Nyasi huota, mizizi hufa na kuoza, mboji huongezeka. Mvua nayo huteremsha chokaa chini. Udongo mweusi wa Ukraine, unaosifika kwa ngano, sehemu kubwa umezaliwa hivyo.

Kasoro yake ni kwamba kuta za loesi kavu husimama wima kama zimekatwa kwa kisu, ila zikilowa au zikitikiswa huporomoka. Mwaka 1556 tetemeko la Shaanxi, huko China, liliua watu wanaokadiriwa kufikia 830,000, wengi wakiwa ndani ya nyumba hizo za mapangoni.

Na sisi je? Barafu ya namna hiyo haikutufikia, ila upepo tunao. Kusini mashariki mwa Serengeti udongo umetokana na majivu ya volkano za Ngorongoro yaliyopeperushwa. Chokaa yake imejenga tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hushindwa kulipenya, hivyo nyasi fupi zimetawala, na nyumbu huzalia hapo. Karibu na Olduvai liko tuta la majivu meusi ambalo upepo unalisogeza mpaka leo. Mkifika, tafadhali msilikanyage.

Haya, maswali.