Umri wa kustaafu umefika, je hela nayo imefika?

Haya jamani habari zenu, sauti inasikika eeh? Upepo huku leo ni balaa, nimefunga madirisha yote. Leo naongea na wazazi wangu, kaka zangu, dada zangu ambao kustaafu kumekaribia, na wewe wa miaka 35 usikimbie kaa hapo hapo, maana hesabu hii ukiianza na miaka 59 inabaki kuomba dua tu.

Meseji ninazopata nyingi ziko hivi: nina akiba kiasi fulani, itanitosha? Na mimi nauliza, kwa mwezi unatumia ngapi? Kimyaaa. Yaani mtu salio lake analijua mpaka senti, ila matumizi yake anakisia, na anayekisia huwa anakisia chini, sijawahi kukutana na mtu aliyekisia juu. Sasa bila hiyo namba hakuna mtu duniani anayeweza kukujibu, hata awe mtaalamu wa namna gani.

Kwahiyo kabla ya yote chukua taarifa ya benki na miamala ya simu ya miezi 12. Sio mwezi mmoja, mwezi mmoja unadanganya, kuna bima inalipwa mara moja kwa mwaka, kuna paa litavuja, kuna gari litataka matairi. Jumlisha vyote. Alafu toa vile vitakavyoondoka na kazi, nauli, nguo za kazini, yale makato ya pensheni yenyewe, na uongeze vitakavyokuja, hapa ndo watu wanapotea kabisa, maana mwajiri alikuwa anakulipia vitu ambavyo hujawahi kuviona vikitoka mfukoni mwako. Bima ya afya ndo kubwa kuliko zote. Siku unakabidhi kitambulisho cha kazi na bima inakatika, na umri wenyewe ndo ule wa kuanza kuonana na daktari mara kwa mara. Uliza mapema, kwa maandishi, bima inaisha lini na ya kujilipia mwenyewe ni kiasi gani.

Ukishapata matumizi ya mwaka, weka pembeni yake hela itakayoingia bila wewe kuamka asubuhi: pensheni ya kila mwezi, kodi ya wapangaji kama unao kweli, gawio la hisa, riba ya hati fungani (yaani hela uliyoikopesha serikali au kampuni nayo inakulipa riba). Na uandike ile inayobaki baada ya kodi ya serikali, maana nchi nyingi pensheni nayo inakatwa. Toa hii kwenye yale matumizi. Kinachobaki ndo pengo lako, na akiba yote uliyojinyima miaka na miaka kazi yake ni kuziba hilo pengo, basi.

Sasa pengo unalizibaje bila akiba kukuishia njiani? Kuna mshauri mmoja wa fedha Marekani, William Bengen, mwaka 1994 alikaa akapitia rekodi za soko la hisa na hati fungani la kwao kuanzia 1926, akauliza, mtu akistaafu mwaka wowote ule, hata ule mbaya kupita yote, anaweza kuchota kiasi gani na hela ikamfikisha miaka 30? Akapata kama asilimia 4 ya akiba kwa mwaka wa kwanza, na miaka inayofuata unachota kiasi kile kile ukiongeza mfumuko wa bei. Ukigeuza hiyo hesabu ni kwamba akiba yako inatakiwa iwe mara 25 ya pengo la mwaka. Pengo likiwa 100, akiba iwe 2,500.

Ila taratibu, usikimbie na hiyo 25 kama vile imeandikwa kwenye katiba. Yule bwana alipiga hesabu na soko la Marekani, na hela ikiwa nusu au zaidi kwenye hisa, zilizobaki kwenye hati fungani za serikali. Kama zako zimelala kwenye akaunti ya benki na riba iko chini ya mfumuko wa bei, 25 haikufikishi miaka 30. Na kama unataka kustaafu na miaka 50 una miaka 40 au zaidi ya kulisha, mimi ningelenga mara 30 mpaka 33.

Huo mfumuko wa bei nao watu wanausema tu mdomoni. Chukua 72 ugawe kwa asilimia ya mfumuko, unapata miaka ambayo bei zitakuwa mara mbili. Mfumuko ukiwa asilimia 6 ni miaka 12, kwahiyo ukistaafu na 60, ukifika 84 unahitaji mara nne ya hela ya leo kununua vitu vile vile. Pensheni yako inapanda na bei au imeganda? Hili ni swali la kuuliza ofisi ya pensheni kesho asubuhi, na waulize pia ukifariki wewe, mwenzako anaendelea kulipwa kiasi gani, kwa sababu kuna mipango pensheni inashuka nusu na kuna mipango inakata kabisa.

Sasa nisikilizeni hapa maana hapa ndo pananinyima usingizi mimi. Watu wawili wana 1,000 kila mmoja kwenye hisa. Wa kwanza soko linashuka asilimia 20 miaka miwili mfululizo, alafu linapanda asilimia 25 miaka miwili. Wa pili ni vile vile ila kinyume, anaanza na kupanda anamalizia na kushuka. Wasipogusa hela, wote wanarudi 1,000 kamili, pigeni hesabu wenyewe. Haya, sasa ni wastaafu, kila mmoja anachota 50 mwanzo wa kila mwaka. Wa kwanza anabaki na 747 hivi, wa pili 838. Soko ni lile lile, kiasi walichochota ni kile kile, tofauti ni zamu tu! Wa kwanza alilazimika kuuza wakati bei ziko chini, na alichouza hakikuwepo tena bei zilipopanda. Ndo maana nasema usistaafu huna matumizi ya mwaka mmoja, ikiwezekana miwili, pembeni kwenye hela ambayo haipandi wala haishuki, ili soko likianguka unakula hiyo.

Nyumba. Najua mnaisubiri. Nyumba unayoishi imekuondolea kodi ya pango, na hilo tayari limeonekana kwenye matumizi yako kuwa madogo, usiihesabu mara ya pili kama akiba. Kiwanja nacho ni mali sawa, lakini hakikulipi kila mwezi mpaka ukiuze, na anayeuza kwa shida anauza kwa bei ya mnunuzi. Na deni, kama bado unalipa mkopo, rejesho lake liko ndani ya matumizi, usilifiche.

Wenzangu tuliopo nje, sisi tuna letu la ziada. Pensheni itakuja kwa sarafu moja na utatumia nyingine, kwahiyo rudia hesabu yote ukijifanya ile unayolipwa imeshuka asilimia 20 uone kama bado unapumua. Na miaka uliyochangia nchi hii na ile usiitupe, nchi nyingi zina mikataba ya hifadhi ya jamii inayounganisha miaka hiyo ili utimize kigezo, sio zote zina mkataba na zote, angalia nchi zako mbili.

Ukiona pengo linakuzidi usikate tamaa, miaka miwili mitatu zaidi ya kazi inabeba sana kuliko watu wanavyodhani: unaongeza akiba, unapunguza miaka ya kuilisha, na mara nyingi pensheni yenyewe inapanda. Hata kazi ya nusu siku tu.

Na kama hesabu imekubali, kabla hujaandika barua ishi miezi sita kwa bajeti ya mstaafu huku mshahara bado unaingia, unaobaki usiuguse. Muwe nyumba nzima lakini, sio wewe unajibana alafu mwenzio hana habari. Wengine mwezi wa pili tu watarudi kuniandikia. Haya, niandikieni.