Kumfundisha Mtoto Maneno ya Kiingereza kwa Kueleza Vitu vya Kila Siku

Karibu mtazamaji. Katika video hii nitakuonyesha namna ya kumfundisha mtoto wa miaka 4 hadi 8 maneno ya Kiingereza kwa kutumia vitu anavyovishika kila siku. Hatutaki akariri orodha ya majina. Tunataka aweze kukieleza kitu kilichomo mkononi mwake, kwa sababu neno ambalo mtoto amelitumia kusemea jambo analoliona na kuligusa halimtoki upesi.

Kwanza, andaa vitu 5 visivyofanana: kijiko cha chuma, kikombe cha plastiki, kifungo cha shati, soksi na ufunguo. Vipange juu ya kitambaa kisicho na maua. Dakika 10 zinatosha, na mtoto akichoka kabla ya hapo, acheni.

Hatua ya pili ni kutaja majina, na hapa tunafuata utaratibu wa daktari Mfaransa Édouard Séguin, ambao Maria Montessori, daktari na mwalimu wa watoto kutoka Italia, aliuendeleza na kuueneza. Mpe mtoto kijiko, useme, “This is a spoon.” Fanya hivyo kwa vitu 3, kisha mwombe akuonyeshe kimoja: “Show me the spoon.” Akishavitambua vyote bila kusita, ndipo umwulize, “What is this?” Wengi wetu huanza na swali hili la mwisho, mtoto akanyamaza, nasi tukadhani hajui kitu, kumbe kulitambua neno hutangulia kulitamka.

Sasa tuanze kueleza, na hapa usiwe na haraka. Mwachie mtoto kijiko akipapase, nawe useme taratibu, “It is cold. It is smooth. It is made of metal.” Pitisha kidole chake kwenye mpini: “It has a long handle.” Halafu mwambie ajitazame upande wa ndani uliobonyea. Ataona uso wake umepinduka, kichwa kikiwa chini, nawe umwambie, “You are upside down!” Akikigeuza kijiko, upande wa nyuma utamwonyesha uso wake ukiwa wima. Mwache arudie mchezo huo apendavyo, maana kila anapokigeuza anapata sababu ya kulisema neno hilo mwenyewe. Malizia kwa matumizi: “We eat with it.”

Zingatia mpangilio wa maneno. Katika Kiswahili sifa hufuata nomino, ilhali katika Kiingereza hutangulia, tena kwa kawaida ukubwa huja kwanza, kisha umbo, rangi, na mwisho kitu kilichotumika kutengenezea: “a small round white plastic button.” Usimweleze mtoto kanuni hiyo, msikilizishe sentensi kamili mara kwa mara, ukianza na sifa moja au mbili. Akisema “button white,” itikia kwa furaha, “Yes, a white button,” kisha mwendelee. Naamini kwa dhati kwamba mtoto anayekatizwa kila anapokosea huishia kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza ni vigumu kumfundisha lugha.

Hatua inayofuata ni kuvitia vitu vyote kwenye mfuko usioonyesha kilichomo. Mtoto aingize mkono, ashike kimoja bila kukitazama, akueleze anachokihisi: “It is soft. It is long.” Wewe ubahatishe, “Is it a sock?” Baadaye mbadilishane zamu. Akikwama, mpe maneno mawili achague: “Is it hard or soft?”

Kesho yake, anzeni na mfuko uleule kabla ya kuongeza chochote. Vitu anavyovieleza bila msaada vitoe viwili, uweke viwili vipya, na vile vinavyomtatiza vibaki mfukoni hadi avizoee.