Mshahara wa mgumu ndio mauzo ya duka lako

Haya jamani, walioko mlangoni waingie, nafasi zipo huku mbele. Mlionisikia Kiboriloni mtanivumilia, narudia yaleyale maana naona bado hatulipani.

Mimi nimeuza dukani Majengo hapa Moshi miaka kumi na moja, unga, mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kupima. Wenye maduka mnalijua daftari la madeni. Sasa 2019, msimu wa Julai mpaka Septemba, mlima umejaa wageni, kuna kampuni moja ikawa haiwalipi wagumu, wale vijana wanaobeba mizigo ya wageni mlima Kilimanjaro, wakishuka. Kijana kabeba mzigo siku sita, kashuka magoti yanatetemeka, anaambiwa njoo wiki ijayo, wiki ijayo anaambiwa bosi yuko Dar. Basi mimi nikaanza kuona daftari linanenepa. Kuna mmoja hajawahi kuvuka elfu kumi na tano kwangu, akafika elfu themanini na sita, na ana mtoto mdogo, sasa utamnyima unga? Wote pamoja wakafika laki nne na ushee, na mtaji wangu wote ulikuwa laki tisa.

Naenda soko la Mbuyuni kuchukua mchele, mfukoni sina kitu. Mama niliyekuwa nachukua kwake akanikopesha gunia la kwanza, la pili akaniambia, "Kaka, huu mchele na mimi nimeukopa Mabogini, mkulima ananipigia simu kila asubuhi, hajawalipa waliomvunia." Waliomvunia, mmesikia? Watu wako huko chini mashambani, kilimanjaro hawajawahi kuupanda hata hatua moja, wamekosa hela kwa sababu kijana wa juu hajalipwa! Na bosi huyohuyo wa kampuni alikuwa na bucha mtaa wa pili, kila siku analalamika hali ngumu, nyama hailiki. Baba, nani aile? Wala nyama wako umewashikia hela zao wewe mwenyewe.

Najua kuna mtu hapo anasema hizo hela si zipo tu, ziko kwa bosi, hazijapotea. Hazijapotea ndio, ila zimekaa. Chukua elfu kumi, kila anayeipata atumie elfu nane hapahapa Moshi na mbili zitoke, aweke akiba au anunue kitu cha nje. Mwenye duka anapata elfu nane, anatumia 6,400, anayefuata anatumia 5,120, endelea hivyohivyo mpaka iishe, utakuta ukijumlisha alichopata kila mtu, kuanzia ile elfu kumi ya kwanza, ni elfu hamsini. Sasa kila mtu atumie nusu tu hapa, nusu itoke, unapata elfu ishirini basi. Noti ni ileile. Wachumi wana hesabu yao ya hili tangu miaka ya 1930 wakati ajira zimekufa dunia nzima, lakini mama wa mchele anaijua bila kalamu.

Mwingine ataniuliza, basi si serikali ichape tu noti tugawane? Hapana! Mchele wa Mabogini hauongezeki kwa kuchapa noti, utapanda bei tu. Mimi naongelea hela ya mtu aliyeshafanya kazi, mzigo umeshabebwa, mchele umeshavunwa.

Halafu wapo wanaopenda kunitajia Henry Ford, yule mwenye kiwanda cha magari Marekani, kwamba 1914 alilipa dola 5 kwa siku ili wafanyakazi wake wanunue magari yake. Siyo hivyo ndugu zangu, wafanyakazi wako peke yao hawawezi kukutosha kama wateja. Shida yake ilikuwa watu wanaacha kazi, 1913 aliajiri zaidi ya watu 50,000 ili abaki na kama 14,000. Alipolipa vizuri wakatulia. Kwa hiyo hata wewe usiyejali duka la mtu, lipa kwa faida yako, mgumu mzoefu akikukimbia mgeni wako ndiye atateseka huko juu.

Naonyeshwa saa hapa, haya. Nilitaka kuongelea tozo za miamala ya simu za Julai 2021, watu walivyorudi kubeba kesh, tuache. Mikopo ya kausha damu, hiyo ni siku nzima, niseme tu kwamba mama akirejesha kila siku na riba ile, hela yake inatoka sokoni haigusi genge la mwenzie. Na Desemba si mnaijua wenyewe, wachaga wanarudi nyumbani kwa sikukuu, mbuzi wanapanda bei, boda hawalali, Januari ya katikati unafungua duka unakaa na nzi.

La mwisho ni ombi. Wenye maduka wa Majengo na Pasua mliokuja na madaftari msiondoke. Tunakaa hapo nyuma tuandike ni kampuni ngapi zinachelewesha wagumu na kwa siku ngapi, halafu Jumatatu tunaenda kuzigongea mlango tukiwa wengi.