Kutoka Bluzi hadi Metali: Kilichobadilika Mikononi mwa Wapiga Gitaa wa Birmingham

Ndugu wapenzi wa muziki, wapiga gitaa na mafundi mitambo mliofika, karibuni.

Ukiisikiliza albamu ya kwanza ya Judas Priest, ya mwaka 1974, kisha ukaweka British Steel ya 1980, utadhani ni bendi mbili zilizogongana jina. Ya kwanza ni roki yenye bluzi tele ndani yake, inatangatanga, inatafuta njia. Ya pili ni hevi metali, hakuna ubishi. Na wahusika ni walewale: Rob Halford anaimba, K.K. Downing na Glenn Tipton wako kwenye magitaa, Ian Hill kwenye besi. Ni mpiga drams tu aliyebadilika.

Watu wengi hueleza safari hiyo kwa kusema sauti iliongezwa mpaka ikawa nzito. Jioni hii nitawaonyesha kwamba mengi yaliondolewa kabla ya kuongezwa, na kila lililoondolewa lilikuwa na sababu ya kiufundi unayoweza kuijaribu nyumbani. Ili kuipata sababu hiyo, lazima turudi nyuma ya Judas Priest, kwa majirani zao wa Birmingham, Black Sabbath.

Mwaka 1968 bendi hiyo ilikuwa na watu 6 na ilijiita Polka Tulk Blues Band. Ilikuwa na mpiga saksofoni na mpiga gitaa la slaidi. Wawili hao walipoondoka, wakabaki 4 wakijiita Earth, na Agosti 1969 wakachukua jina la Black Sabbath. Hapo tayari kuna jambo la kuliangalia: bendi ya bluzi yenye saksofoni na slaidi ina wengi wa kujaza nafasi. Ukiwaondoa wawili, gitaa moja na besi moja vinabeba ukumbi mzima. Geezer Butler, aliyekuwa mpiga gitaa la rithimu kabla ya kushika besi, akaacha kuzunguka peke yake kama wapiga besi wa bluzi. Akaifuata rifu ya gitaa, yaani kifungu kifupi kinachorudiwarudiwa, noti kwa noti, oktava moja chini, hata kuvuta uzi wake pale gitaa lilipovuta.

Sasa tuje kwa Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi hiyo. Kisa chake kinajulikana, lakini husimuliwa kama hadithi ya uvumilivu tu, na ufundi wake unaachwa pembeni. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ya kiwanda cha mabati ilimkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete. Iommi hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono uliokatwa, wa kulia, ndio unaobana nyuzi. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaiyeyusha, akatengeneza vifuniko vya vidole, akavipiga msasa mpaka vikatosha. Plastiki tupu iliteleza juu ya waya, basi akabandika vipande vya ngozi kutoka kwenye jaketi kuukuu. Ngozi ilishika. Lakini kidole kisichohisi uzi hakijui kinabana kwa nguvu kiasi gani, kwa hiyo sikio lilibidi lifanye kazi ya ngozi ya kidole.

Tatizo la pili lilikuwa ugumu wa nyuzi. Seti nyepesi hazikuwa madukani wakati huo. Iommi akaweka nyuzi za banjo mahali pa zile nyembamba kabisa, na nyuzi nyingine za seti akazisogeza nafasi, kila moja ikakaa mahali pa iliyo nene kuliko yenyewe. Naomba mlishike hili, kwa sababu vijana wengi huamini sauti nzito hutoka kwenye nyuzi nene. Sauti nzito kuliko zote za wakati wake ilipigwa kwa nyuzi laini.

Kwa vidole vile, kordi kamili, yaani noti kadhaa kwa pamoja kwenye nyuzi 6, ni taabu. Kordi ya noti mbili, mzizi na noti ya tano, inawezekana vizuri. Hapo ndipo noti ya tatu, ile inayoamua kama kordi ni ya furaha au ya huzuni, ilipoanza kutoweka. Na amplifaya ikaipenda hali hiyo. Tuchukue A ya hertzi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, na E iliyo juu yake, karibu 164.8. Amplifaya ya valvu ikizidiwa, inakata vilele vya mawimbi, na ikikata, inazalisha noti za ziada zilizo sawa na tofauti na jumla ya zile mbili. Tofauti yake ni 54.8, karibu kabisa na A ya oktava ya chini. Maana yake unapiga noti mbili na amplifaya inakuongezea besi bure. Sasa weka A na noti ya tatu, C kali, karibu 138.6. Tofauti ni 28.6 wakati A ya oktava mbili chini ni 27.5, hazipatani, na jumla yake ni 248.6, inayoangukia karibu na B, noti isiyomo kwenye kordi ya A. Ndiyo maana kordi kamili kwenye distoshoni, yaani sauti ya amplifaya iliyozidiwa hivyo, husikika kama matope. Hata mpiga gitaa hodari hawezi kulizuia hilo kwa vidole.

Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilirekodiwa London tarehe 16 Oktoba 1969, kwa siku moja, bendi ikipiga karibu kama ilivyo jukwaani, na ikatoka tarehe 13 Februari 1970. Isikilizeni bila kuitazama kama mnara. Kuna kinanda cha mdomo (harmonika) cha bluzi, kuna nyimbo mbili za bendi nyingine, na Bill Ward anapiga drams kwa mdundo wa kubembea alioupata kwa wapiga drams wa jazi kama Gene Krupa. Kipya ni rifu ya wimbo wa kufungulia: G, G ya oktava ya juu, kisha C kali, umbali wa nusu toni 6, polepole mno. Bluzi na metali zimo kwenye sahani moja, hazijatengana.

Bado gitaa lilikuwa kwenye tyuni ya kawaida, nyuzi hazijalegezwa. Kushuka kulikuja na albamu ya tatu, mwaka 1971, ambapo katika nyimbo kadhaa uzi mnene ulitolewa E ukashushwa nusu toni 3 hadi C kali, kutoka hertzi 82.4 hadi 69.3. Mvutano wa uzi hufuata mraba wa marudio ya mtetemo, kwa hiyo uzi uleule hupoteza karibu asilimia 29 ya mvutano wake. Kwa vidole vya Iommi huo ulikuwa unafuu, na kwa masikio ya wasikilizaji ulikuwa uzito.

Wanaoiga huharibu hapa. Wanashusha seti ya nyuzi iliyoanzia unene wa inchi 0.010 na kuishia 0.046, halafu wanapiga kwa nguvu kama kawaida. Uzi legevu ukipigwa kwa nguvu hupanda sauti kwanza kisha hurudi, kwa hiyo kila pigo linaanza nje ya tyuni. Shingo nayo, ikipunguziwa mzigo, hurudi nyuma na nyuzi zikalia kwenye freti, zile pau za chuma za shingoni. Njia ni mbili. Ama upige kwa mkono mwepesi kama Iommi, na ulegeze fimbo ya chuma ya shingo robo mzunguko, usizidishe, usubiri, utyuni tena. Ama uweke seti inayoishia karibu 0.055, mvutano urudi pale pale. Hapo kagua kijiti cha kichwani chenye mifereji ya nyuzi, maana uzi mnene hukwama kwenye mfereji uliochongwa kwa uzi mwembamba, kisha linganisha noti ya freti ya 12 na harmoniki yake, ile noti inayolia ukiugusa uzi tu hapo bila kuubana. Ikiwa noti ya freti iko juu, sogeza kitako cha uzi nyuma.

Na tafadhali, msifungue besi ya amplifaya yote. Iommi alipitisha gitaa kwenye kifaa cha kuongeza sauti nyembamba kabla ya kufika kwenye amplifaya yake ya Laney. Besi nyingi ikiingia kwenye valvu zilizozidiwa huzimeza noti nyingine zote. Besi iongezwe baada ya distoshoni, au aachiwe mpiga besi.

Hawakuwa peke yao. Deep Purple walioanza 1968 na nyimbo za roki ya kisaikedeliki walifika Juni 1970 wakiwa bendi nyingine, kwa kiasi kikubwa kwa sababu mpiga ogani wao, Jon Lord, aliichomeka ogani ya Hammond kwenye amplifaya ya Marshall ikanguruma kama gitaa. Queen, wakiongozwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, waligusa kasi ya metali mwaka 1974 kwenye Stone Cold Crazy, wakaendelea na mambo yao mengine. Wimbo huo ulipopigwa Wembley mwaka 1992 kumkumbuka Mercury, aliyeuimba ni James Hetfield wa Metallica, na Tony Iommi alikuwepo jukwaani na gitaa lake.

Turudi kwa Judas Priest. Rodger Bain, prodyuza wa albamu 3 za mwanzo za Black Sabbath, ndiye aliyeshika albamu ya kwanza ya Judas Priest pia. Tom Allom, fundi mitambo wa ile siku moja ya 1969, ndiye prodyuza wa British Steel. Masikio ni yaleyale, lakini kufikia 1980 mdundo wa kubembea umekwisha. Bluzi hugawa pigo katika sehemu 3 na kupiga ya kwanza na ya tatu. Dave Holland, mpiga drams aliyeingia 1979, anagawa sawasawa, moja kwa moja. Wapo wanaomwona mpigaji mwepesi mno. Nadhani wanakosea, kwa sababu rifu inayobanwa kwa kiganja karibu na daraja la gitaa inahitaji drams zisizoipokonya nafasi. Na kwa kuwa hawakuwa na maktaba ya sauti za kompyuta, chupa za maziwa zilivunjwa kweli na trei za vijiko na uma zikatikiswa mbele ya maikrofoni.

Jambo lao kubwa zaidi ni magitaa mawili. Noti ya tatu iliyofukuzwa na distoshoni ilirudi kwa mlango huu: Downing anapiga noti moja kwenye amplifaya yake, Tipton anapiga noti ya tatu juu yake kwenye amplifaya nyingine. Mawimbi hayakutani ndani ya valvu, yanakutana hewani, kwa hiyo zile noti za ziada hazizaliwi na sauti inabaki safi.

Tutalijaribu sasa hivi. Kwanza magitaa yote mawili kwenye amplifaya moja, A na C kali. Kisha gitaa la pili tulihamishie kwenye ile ya kulia, distoshoni ileile, noti zilezile. Naomba mwenye gitaa la pili apite mbele.