Tulivyosoma kwa Redio, Tusome kwa Simu

Mhadhara kwa walimu wastaafu, Tanga

Shikamooni wakubwa zangu. Wa rika langu, habari za asubuhi. Assalaam alaikum, Bwana asifiwe. Nimeombwa niseme namna mzee anavyoweza kuendelea kujifunza kwa mtandao bila kuumiza pensheni yake, ili akili isilale. Nitayasema hayo, lakini naomba nianzie mbali kidogo, kwenye redio.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 13, kijijini kwetu huko Muheza. Siku za kikundi kazi yangu ilikuwa kushika chemli. Mama na majirani zake waliketi mkekani, redio ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, na kipindi kilipoanza hata mwenye kikohozi alijibana. Kikiisha, kiongozi wa kikundi, aliyekuwa ameishia darasa la nne, anafungua kijitabu, anasoma kwa sauti, anarudia. Halafu ndipo mjadala unaanza, na mjadala ndio uliokuwa somo lenyewe. Naukumbuka usiku wa kichocho. Tulikuwa tumeambiwa kwamba konokono wa majini ndiye anayebeba vijidudu. Mama yangu, ambaye hakujua a wala be, akauliza: "Huyo konokono yuko mto gani? Wa huko kwenye redio, au huu wetu?" Hakuna aliyejibu. Asubuhi yake wanawake sita wakashuka mtoni, wakafunua majani, wakamkuta.

Wengi humu mnajua nasema nini. Ile ilikuwa kampeni ya elimu ya afya kwa redio, iliyoitwa Mtu ni Afya. Iliendeshwa kwa wiki 12, na watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya namna ile nchi nzima. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na humu ndani wapo waliofundisha madarasa yale ya jioni chini ya mwembe. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama theluthi mbili. Kufikia mwaka 1975 walishuka hadi kama 39 kwa kila 100. Vifaa vilikuwa redio moja, kijitabu kimoja, na watu kumi waliokataa kuondoka bila kuelewa.

Neno langu la leo ni hilo hilo moja. Simu tuliyonayo mfukoni ni ile redio. Kila mzee akijifungia nayo chumbani kwake, itammalizia bando na macho. Tukikaa nayo kwenye kikundi, tutasoma mambo ambayo vyuo vya wakati wetu havikuwa nayo, na gharama ya mwezi mzima haitafika ya kilo moja ya nyama.

Lakini je, kujifunza kunaisaidia kweli akili ya mzee? Hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu penye hofu ya kusahau pana wauzaji. Miaka miwili baada ya kustaafu nililipia mchezo wa simu wa kunoa ubongo. Unagusa maumbo yanayopita, unapewa alama. Baada ya miezi mitatu alama zangu zilikuwa juu sana, na bado nilikuwa nazunguka nyumba nzima nikitafuta funguo. Hela ikawa inakatwa kila mwezi, na kuisimamisha kulinichukua wiki mbili. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimeamini. Marekani nako, Januari 2016, kampuni moja ya michezo ya aina hiyo ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali kuishtaki kwamba iliwatangazia watu faida ambazo haikuwa na ushahidi nazo.

Huko huko Marekani kulifanyika utafiti mkubwa wa watu 2,832 wenye miaka 65 na zaidi, matokeo yakatolewa mwaka 2002. Waligawanywa: hawa wafundishwe kukumbuka, hawa kufikiri kwa mpangilio, hawa kuona na kuamua haraka. Kila kundi liliendelea katika kile lilichofundishwa, lakini faida haikuvuka kwenda kwenye yale mengine. Sisi walimu hatushangai. Mtoto akikariri jedwali la saba hajajua insha.

Utafiti ulionigusa zaidi ni mwingine, wa Denise Park na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas, wa mwaka 2014. Walichukua wazee, wakawafundisha kwa miezi mitatu, saa kama 15 kwa wiki, kupiga picha kwa kamera za kidijitali na kuzihariri kwenye kompyuta, au kushona mafarishi ya vipande vya vitambaa. Kundi jingine lilikutana tu kufurahi, kupika na kutembea pamoja. Jingine lilibaki nyumbani na muziki na mafumbo ya maneno. Waliojifunza kazi mpya ndio ambao kumbukumbu yao ilipata nguvu, hasa wale wa kamera. Kukaa barazani kupiga soga ni kuzuri kwa moyo, na mimi sitaki mtu aache baraza lake. Ila ubongo unataka zaidi ya soga. Unataka kitu kigeni, kigumu, kinachokufanya urudi nyumbani umechoka kichwa.

Sasa gharama, maana ndilo swali mlilokuja nalo.

Masomo mengi ya vyuo vikuu vya nje yaliyoko mtandaoni kusoma ni bure. Kinacholipiwa ni cheti. Hebu tulitafakari hilo. Kijana anakitaka cheti kwa sababu anatafuta kazi. Mimi vyeti vyangu viko kwenye sanduku, na hakuna anayevidai tena. Kwa hiyo mzee ndiye mwanafunzi anayesoma kwa bei ndogo kuliko wote. Chuo cha Open University cha Uingereza kina sehemu iitwayo OpenLearn, masomo yake ni bure. Hayo ni ya Kiingereza. Hapa nyumbani, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, vya msingi vingi kwa Kiswahili na vya sekondari vingi kwa Kiingereza, na msidharau vitabu vya kiada. Mama mmoja kwenye kikundi chetu cha kusoma kwa simu alifundisha Kiswahili miaka 30, sasa anasoma Baiolojia ya kidato cha tatu, na anasema ndiyo mara ya kwanza ameelewa kisukari kinafanya nini mwilini mwake. Ipo pia Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Ina mapengo mengi, na hayo mapengo yanatuhusu sisi, kwa kuwa inaandikwa na watu wa kujitolea na yeyote anaweza kuongeza. Majina ya miti ya Usambara na matumizi yake, nani ayaandike kama si ninyi?

Kinachokula hela ni video. Kwenye YouTube gusa alama ya mipangilio, utaona namba za ubora: 144, 360, 720. Saa moja ya video kwa 720 inaweza kumaliza GB nzima. Kwa 144 haifiki hata robo ya hapo, na kama mtu anaongea tu ubaoni utamwelewa vizuri. Ukurasa wa maandishi unakula kidogo kuliko dakika moja ya video. Ujumbe wa sauti wa dakika moja WhatsApp haufiki MB moja. Basi sisi tunafanya hivi: mmoja wetu, kwa zamu, ananunua kifurushi cha usiku na kupakua somo. Jumanne jioni tunalitazama watu saba kwa simu moja, imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Anayeumwa anatumiwa ujumbe wa sauti. Hakuna anayelipa zaidi ya mara moja kwa wiki saba.

Mambo madogo yanayowakatisha wazee tamaa nayajua, kwa sababu yamenipata. Herufi ndogo: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya maandishi, uzikuze mpaka zikutoshe. Kioo kisichosikia kidole: ngozi yetu imekauka, pangusa kidole kwa kitambaa chenye unyevu, utaona tofauti. Na mjukuu. Mjukuu anakupenda, ndiyo maana anakupokonya simu: "Lete babu, nikufanyie." Mkatalie kwa upole. Mwambie, "Nionyeshe, lakini simu ninashika mimi." Ulipomfundisha kushika penseli hukumwandikia.

Na wezi. Hili nalichukulia kwa uzito, maana wapo wazee waliotupa simu janja kabatini kwa sababu ya ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Laini yenye pesa ibaki kwenye kitochi. Simu janja iwe na laini nyingine, isiyo na hata senti. Hapo utabonyeza, utakosea, utarudi, na hakuna cha kuibwa. Mzee akishaondokewa na hofu hiyo anajifunza haraka ajabu.

Niwasimulie Jumanne moja. Kikundi chetu kina mvuvi wa Tongoni, ameacha bahari miaka kama 10 sasa. Yeye ndiye aliyetaka tusome nyota, kwa kuwa zamani alisafiri nazo. Siku ya kwanza akatupa ule msemo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tukapakua somo la bure kuhusu kilimia. Lilikuwa la Kiingereza, likatafsiriwa na mwenzetu mmoja, tukisimamisha kila sentensi mbili. Tukajifunza kwamba zile nyota sita tunazozihesabu ni sehemu tu ya kundi lenye nyota zaidi ya 1,000, na kwamba mwanga wake huchukua miaka kama 440 kutufikia. Aliyekuwa mhasibu akatoa kalamu, akapiga hesabu pembeni ya gazeti. Mwanga tunaouona leo, akasema, ulianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Kimya kikatanda. Kisha mvuvi akaanza kutufundisha yeye: kilimia kikifika wapi upepo hugeuka, kusi ikishika jahazi zinaelekea wapi. Hayo hayakuwemo kwenye video. Mwalimu wa video alijua umbali, mvuvi alijua matumizi, na sisi tulipata vyote kwa usiku mmoja.

Tukatoka nje. Ilikuwa mwezi wa pili, baada ya isha, kilimia kiko juu upande wa kaskazini. Mmoja akahesabu nyota sita, mwingine tano. Mvuvi akanyamaza. Nikamuuliza, bwana, wewe unaona ngapi? Akasema, "Sioni kitu. Naona weupe tu." Alikuwa hajaitazama mbingu kwa miaka, kwa hiyo hakujua. Tulimpeleka hospitali, wakakuta mtoto wa jicho macho yote mawili. Amefanyiwa upasuaji.

Jambo hilo nalifikiria kila siku. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na likakadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu visa 45 kwa kila 100 vingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Elimu ndogo imo. Upweke umo. Lakini humo humo kuna presha, kisukari, usikivu uliopungua, na macho yasiyotibiwa. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba kozi ya mtandaoni inatosha, msimsikilize. Pimeni presha. Asiyesikia vizuri akapimwe masikio, kwa maana mtu asiyesikia hujitenga, na aliyejitenga hafundishiki. Na mwenzenu akianza kupotea njia ya nyumbani au kusahau majina ya wanawe, huo ni ugonjwa, apelekwe kwa daktari. Katika nchi hii wapo bibi zetu waliouawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu tu ya macho mekundu. Mzee anayesema maneno yasiyoeleweka naye yuko hatarini pale ambapo hakuna aliyewaelimisha majirani. Kikundi cha wazee wanaosoma pamoja kinaona mapema nani amebadilika, na kinajua la kusema kwa hao majirani.

Naona mama kule nyuma ameinua mkono. Karibu, mama.

Anauliza: dada yake hajui kusoma, naye anatamani kuja, je, tutamweka wapi? Mama, aje, na akae mbele. Masomo yetu mengi ni ya kusikiliza, na mwenye kusoma atasoma kwa sauti kama kiongozi wetu wa darasa la nne alivyosoma. Tukimaliza, yeye ndiye atakayeanza kuuliza. Nimeona mara nyingi kwamba asiyeandika kwenye daftari hubeba somo lote kichwani, na ndiye anayetukumbusha wiki inayofuata.

Karatasi ziko pale mezani, moja kwa kila mtaa. Andikeni jina na somo mnalolitaka, liwe gumu. Namba ya simu andikeni ya ile laini isiyo na pesa. Kikundi cha Ngamiani kinaanza Jumanne hii saa kumi jioni, njooni na miwani. Chupa ya chai ninayo.